Mkono na Mwenye Mkono: Maelezo juu ya Miandiko ya Waswahili

Wataalamu wengi walioshughulikia maandishi ya kale ya Kiswahili wametazama zaidi maneno yaliyoandikwa: lahaja yake, bahari za mashairi, na habari za zamani zilizomo. Mwandiko wenyewe umetajwa kwa nadra, na aghalabu kwa ajili ya kulalamika kwamba hausomeki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu anavyohusiana na mwandiko wake mwenyewe, hasa mtu wa pwani aliyefunzwa herufi za Kiarabu chuoni kisha akafunzwa herufi za Kirumi skuli. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba uhusiano huo si jambo la pembeni, kwani bila ya kuufahamu msomaji huweza kuikosa maana ya maandishi yaliyo mbele yake.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno mwandiko latokana na kitendo kuandika, ambacho hapo zamani hakikuwa cha kalamu peke yake. Kuandika ni kupanga na kuweka vitu mahali pake, na hata leo husemwa kuandika meza. Hati, au khati kama wanavyotamka wengine, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mstari na mwandiko. Katika Kiswahili neno hilo limechukua maana mbili. Twasema fulani ana hati nzuri, tukikusudia mwandiko wake. Na twasema hati ya nyumba, tukikusudia karatasi inayothibitisha milki. Neno la tatu ni mkono. Mtu husema, "Huu si mkono wangu," naye hakusudii kiungo cha mwili bali herufi alizoonyeshwa. Basi katika lugha yetu mwandiko ni mpango, ni ushahidi, tena ni sehemu ya mwili wa mtu.

Maana hizo zaonekana wazi katika desturi ya barua. Barua nyingi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilimalizika kwa jina la mwenye barua pamoja na neno la Kiarabu biyadihi, yaani kwa mkono wake. Ikiwa aliyeshika kalamu alikuwa mtu mwingine, palitiwa neno jingine, kama vile biamrihi, yaani kwa amri yake. C. G. Büttner alipochapisha maandishi ya Kiswahili ya namna hii mwaka 1892, wasomaji wa Ulaya walipata kuona jinsi barua za Waswahili zilivyopangwa, tangu salamu hata tamati. Tofauti ya biyadihi na biamrihi si pambo. Yule wa kwanza amejitokeza mwenyewe mbele ya msomaji. Wa pili amemtuma mjumbe. Mpokeaji aliyeuzoea mkono wa ndugu yake, akiukosa katika barua, alikuwa na sababu ya kuuliza kama mzima au mgonjwa.

Sasa tutazame namna mkono huo ulivyoundwa. Mtoto wa chuoni aliandika juu ya ubao, akifuata herufi alizoandikiwa na mwalimu wake. Kwa hiyo mkono wake wa kwanza ulikuwa mfano wa mkono wa mtu mwingine, na athari za mwalimu zaweza kuonekana katika mwandiko wa mwanafunzi hata uzeeni. Kalamu ilikuwa ya mwanzi, imechongwa ncha yake kwa mshazari, ikatoa mstari mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Kila mwandishi aliijua kalamu aliyoichonga, nayo kalamu ya mwenziwe haikumtii sawasawa.

Tena mwandiko wa Kiarabu kwa asili yake ni wa kuunganisha. Hakuna namna ya kuuandika kwa herufi mbalimbali kama tufanyavyo katika herufi za Kirumi tukipenda. Lakini katika herufi zake 28 ziko 6 zisizoshikana na herufi inayofuata, nazo ni alifu, dali, dhali, ra, za na wau. Kwa sababu hiyo neno mimi, likiandikwa kwa mimu, ya na mimu, huwa kitu kimoja. Na neno dada, likiandikwa kwa dali na alifu mara mbili, huwa vipande vinne. Kuunganisha, basi, hakukuwa hiari ya mwandishi. Hiari yake ilikuwa katika urefu wa mikia, mahali pa nukta, na jinsi ya kukaza au kulegeza maneno mpaka mstari ukatimia. Humo ndimo mtu alimojulikana.

Hapa tunafikia jambo lililo zito zaidi. Herufi za Kiarabu zilipotumiwa kwa Kiswahili bila ya alama za ziada, zilipungukiwa na sauti kadha wa kadha. Alama za irabu ni tatu tu: fataha, kasra na dhumma, hivyo e iliandikwa sawa na i, na o sawa na u. Sauti ya p aghalabu iliandikwa kwa ba, na m iliyotangulia b mara nyingi iliachwa. Hivyo maneno bata, pata na mbata yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Peta na pita kadhalika. Wageni wengi waliona ya kuwa huu ni upungufu mkubwa, na kwa msomaji mgeni ni kweli. Lakini barua haikuandikiwa mgeni. Iliandikiwa mtu anayejua lugha, anayejua habari iliyo baina yao, na aghalabu anayejua desturi za mkono ule. Sehemu ya maandishi ilikuwa katika karatasi, na sehemu nyingine ilikuwa katika vichwa vya watu wawili.

Ushahidi wa jambo hili ni kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa yapata mwaka 1840, yalikuwa yamesalia zaidi katika kumbukumbu za watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, akashirikiana na W. E. Taylor katika kuyaeleza, na alama zikaongezwa ili sauti za Kimvita zipate kutofautishwa. Diwani ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, msingi wake ulikuwa kazi hiyo. Mwandiko peke yake usingalitosha. Uliotosha ni mwandiko pamoja na mwenyewe aliye hai, akiulizwa na kujibu.

Mfano mwingine ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mchongaji wa milango na mnakili wa tenzi, na wataalamu kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann walipata kwake maandishi mengi. Mkono uliochonga mbao ndio ulioandika karatasi. Mtafiti anayeujua mkono wa Kijuma huweza kutambua nakala iliyotoka kwake, na hilo lina faida kubwa: nakala tatu za utenzi mmoja zikiwa zote za mkono mmoja, hatuwezi kuzihesabu kuwa mashahidi watatu.

Skuli zilipoenea, mkono wa pili ulizaliwa. Sasa kalamu ilikuwa ya chuma, mwendo wa mstari ukawa kutoka kushoto kwenda kulia, na irabu tano zikaandikwa kila moja kwa herufi yake. Kuunganisha herufi kukawa somo la peke yake, lenye alama za mwalimu na adhabu zake. Mkono huu ulikuwa wa ofisi, wa daftari na wa mtihani. Mtu aliyekuwa na mikono hiyo miwili aliweza kuigawia kazi: wa Kirumi kwa serikali na mwajiri, wa Kiarabu kwa dua, hesabu za nyumbani na barua kwa mama. Mtu kama huyo akisifiwa kwa hati yake ya ukarani hufurahi. Lakini akiandika jambo asilotaka lisomwe na kila mtu, hurudi katika mkono wa chuoni.

Kutoka hapo limetokea jambo la kusikitisha. Katika nyumba nyingi wajukuu hawakufunzwa mkono ule. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, huanza na mama akimtaka binti yake alete wino na karatasi, kwani wasia ule ulikusudiwa ukae mikononi mwa mtoto. Leo wako wenye karatasi za wazee wao sandukuni wasioweza kuzisoma hata jina. Wengine huzitunza kama hirizi. Wengine huona haya, wakazichoma.

Kwa hiyo tunawashauri wakusanyaji mambo matatu. Kwanza, wasichukue karatasi bila ya kuandika habari za mwenye mkono: alisoma wapi, kwa nani, na alikuwa na mkono wa pili au la. Pili, wasidharau mwandiko mbaya, kwa maana mkono usio wa fundi mara nyingi huandika kama mwenyewe anavyosema. Tatu, na hili ni la haraka, mwenye mkono akiwa hai aombwe asome mwenyewe kwa sauti, na usomaji wake uhifadhiwe pamoja na picha ya karatasi. Karatasi yaweza kungoja, ikihifadhiwa vema. Mwenye kujua kama neno lile ni peta au pita hangoji.