Sufuria la walima: ni twahiri, je, ni salama?

Kabla biriani ya walima haijabandikwa, liinamishe sufuria lile kubwa la shaba uchungulie ndani. Ukiona wekundu wa shaba, bati lililopakwa ndani limelika. Sufuria limeoshwa, ni twahiri, hilo halina ubishi. Lakini si salama. Mtindi, ndimu na nyanya huitoa shaba ikaingia chakulani, na wageni huanza kutapika na kusokotwa na tumbo, pengine hata hawajaondoka (na hapo atalaumiwa mpishi, au husuda!).

Mpelekee fundi alipake bati upya. Hulisafisha kwa tindikali, hulipasha moto, kisha bati, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi joto 232, hulisambaza kwa pamba. Muulize mapema: ni bati tupu, au limechanganywa na risasi ya kulehemu? Wapo wanaochanganya kwa kukwepa gharama, na kwa macho hutajua. Risasi haimtapishi mtu siku ile. Hujikusanya mwilini, hudhoofisha akili za watoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Likirudi, lisisuguliwe kwa mchanga wala stilwaya, lisiachwe motoni likiwa tupu, na kiporo kisilale humo.