Harufu ikienda kwa jirani

Asubuhi moja hapa Kasuku, mkoani Maniema, ua wote ulinukia sitroneli, yaani mchaichai. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula tangu alfajiri, bila kifuniko, maji yametokota hadi yakawa rangi ya udongo. Nikamiminiwa kikombe. Nikaonja maji ya moto yenye ladha ya nyasi.

"Shangazi, mbona haina harufu?"

"We huisikii?" akacheka.

Naisikia sana. Jirani naye anaisikia, na hapo ndipo penye kasoro. Harufu ya sitroneli ni mafuta, hasa kitu kiitwacho sitrali, na mafuta hayo hupaa na mvuke. Kilichokwisha kufika puani hakimo tena kikombeni. Kwa hiyo chemsha maji peke yake, epua, tia majani uliyoyakatakata, kisha funika kwa dakika 5 hadi 10. Ukifunua, tazama matone yaliyoganda chini ya kifuniko: yanuse, halafu yakung'utie ndani. Mnanaa na kivumbasi nao hutaka hivyo hivyo.

Tangawizi haina maringo hayo. Iponde, iache kwenye moto mdogo dakika 10 au 15, maana mzizi mgumu hautoi ukali wake kwa kumwagiwa maji tu.

Majani ya chai, yale yanayotufikia kutoka Kivu, yana desturi yake. Chai nyeusi na ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja. Nyeusi imesagwa ikaachwa igeuke rangi kwa hewa. Ya kijani imepitishwa motoni mapema isigeuke. Nyeusi huvumilia maji yanayotokota, dakika 3 hadi 5. Ya kijani hutaka nyuzi 80 hivi, na kwa kuwa nyumbani hakuna kipimajoto, epua sufuria, iache wazi dakika chache, ndipo utie majani. Ikizidi joto au muda, tanini hutoka kwa wingi na ulimi hukakamaa kana kwamba umetafuna ndizi mbichi. Lakini mtu asidhani chai ya kijani inamruhusu kutumia maji ambayo hayajachemka. Maji ya mto Lualaba au ya kisima yatokote kwanza, ndipo yapoe. Kipindupindu hakichagui chai.

Tanini hizo zina jambo jingine: tumboni hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye sombe na maharagwe, hivyo damu hupata kidogo. Kwa mama mjamzito, au mtoto ambaye malaria imempunguzia damu, chai isiende pamoja na sahani. Ingoje kama saa moja baada ya kula.

Na malaria ndiyo inayonifikisha kwenye artemisia, mmea ambao watu wengi siku hizi wameupanda nyumbani. Mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel kwa kuipata artemisinini, dawa ya malaria, ndani ya mmea huo. Awali dawa ilimponyoka, mpaka aliposoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza mmea uloweshwe majini na kukamuliwa, moto hakuutaja. Mwaka 1971 Tu akatumia etha, inayochemka kwa nyuzi 35 tu, na dawa ikatoka. Artemisinini haipendi joto kali, na kwenye maji huyeyuka kwa shida.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2015, watafiti waliwapa wagonjwa wa malaria humu Maniema chai ya artemisia, wakawalinganisha na waliopewa vidonge. Makala yao ilitoka mwaka 2019 katika jarida la Phytomedicine, ikisema chai imeshinda. Baadaye jarida lenyewe likaiondoa. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilikataa kuiunga mkono chai hiyo: kiasi cha dawa hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe, na kikiwa kidogo vimelea hubaki na kuizoea dawa. Nawaelewa wanaoipenda, kwani mmea uko uani na vidonge vina bei, tena vingine ni bandia. Hata hivyo, kama shangazi na mimi tunatofautiana kwa sufuria moja ya sitroneli, nani atapima dozi ya mtoto kwa kiganja?

Mtoto akiwa na homa, tunampeleka kituo cha afya atobolewe kidole, apimwe, apewe vidonge. Sitroneli atakunywa akirudi. Shangazi siku hizi huifunika kwa sahani, na juu ya sahani huweka jiwe.