Nyarugusu Mbili, Kifua Kimoja

Afya ya wachimbaji wadogo, sehemu ya pili: vumbi

Kwetu Kasulu mtu akikwambia "nakwenda Nyarugusu," humwelewi mpaka umuulize: ipi? Iko Nyarugusu ya hapa wilayani, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi wa Kongo. Iko na Nyarugusu ya Geita, ya maduara ya dhahabu na makarasha, ambako vijana wa Nyakitonto na wenzao wa Kibondo huelekea maharage yakishavunwa. Hupanda basi, wakapita Kakonko na Nyakanazi, wakashika njia ya Geita. Babu zao walikwenda manamba kukata mkonge Tanga. Wao wanakwenda kukata mwamba.

Juma lililopita tuliongelea mwamba unaoporomoka. Tulikumbuka Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, pale wachimbaji watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Ajali ya namna ile hutangazwa redioni na nchi nzima ikashika tama. Leo naandika juu ya kifo kisichotangazwa. Hakimkuti mtu duarani. Humfuata nyumbani, pengine miaka kumi baada ya kuweka nyundo chini, na siku ya mazishi kijiji kinasema marehemu alikuwa na kifua kikuu, au alirogwa na wenzake waliomwonea wivu wa dhahabu.

Dhahabu nyingi ya kusini mwa Ziwa Victoria imejificha ndani ya mishipa ya mawe meupe yaitwayo kwatzi. Kwatzi ni silika, na ndiyo pia sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni. Likiwa jiwe zima halina neno na mtu. Likipasuliwa kwa jekihama, kwa baruti au kwa kinu cha karasha, hutoa vumbi la aina mbili. La kwanza ni lile tunaloliona, linalotia weupe kope na nywele. Hilo pua hulinasa, kamasi hulibeba na kikohozi hulitema. La pili halionekani kwa jicho. Chembe zake hazifiki maikroni tano, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa maikroni kama 70. Hizo ndizo zinazopita kila kizuizi hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali damu inapochukua hewa.

Ubaya mwingine wa chembe hizi ni uvivu wa kutua. Katika hewa iliyotulia, chembe ya maikroni moja huchukua saa nne hadi tano kushuka kutoka usawa wa kichwa mpaka chini. Kwa hiyo kijana anayeshuka duarani saa mbili baada ya baruti, akaona kumetakata, anavuta vumbi lilelile ambalo macho yake yanamwambia limekwisha.

Zikifika ndani, chembe hizo hukutana na seli walinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zimezoea kumeza vimelea na kuviyeyusha. Silika haiyeyuki. Seli inameza, inashindwa, inakufa, na kumwaga sumu yake pamoja na chembe ileile, ambayo humezwa na seli nyingine. Kila mzunguko huacha kovu dogo gumu. Makovu yakiungana, pafu linakakamaa, halitanuki tena. Ugonjwa huu huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au 20 ya vumbi la wastani, lakini vumbi likiwa zito sana miaka michache tu inatosha. Na makovu huweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi na kurudi kulima muhogo.

Vumbi la migodi yetu ni zito kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa kwenye machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Kwa wanaotoboa mwamba chini ya ardhi, silika ilizidi mara 300 kiwango cha juu kinachopendekezwa na wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani. Juu ya ardhi, kwenye kuponda na kusaga, ilizidi kiasi cha mara nne. Hiyo mara nne tusiidharau, maana juu ndiko wanakokaa kina mama wanaogonga mawe huku mtoto yuko mgongoni.

Balaa hili ni la kale. Mjerumani Georgius Agricola, katika kitabu chake kuhusu madini kilichochapishwa mwaka 1556, aliandika kwamba kwenye migodi ya milima ya Karpati walikuwapo wanawake walioolewa na waume saba, wote wakauawa na vumbi. Mashine za kutoboa mwamba zilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, vifo vikaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu mashine inasaga haraka kuliko mkono. Wachimbaji wa Marekani waliibandika jina la mtengeneza wajane. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi ajabu: maji. Chuma cha kutobolea kikatengenezwa na tundu katikati, maji yakapita humo hadi kwenye ncha, na vumbi likageuka tope kabla halijaruka. Dhahabu ya Johannesburg ilichimbwa kwa njia hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya watoboaji wengi kuzikwa.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: maji kwanza, hewa ya pili, kitambaa mwisho. Machimboni kwetu mambo yamepinduliwa. Kijana anajifunga shati puani na kuhesabu kwamba amejikinga, kumbe chembe ya maikroni moja inapita kwenye matundu ya shati kama mbuzi anavyopita ua lililobomoka. Barakoa ya kweli ya kuzuia vumbi inasaidia ikikaa sawasawa usoni na ikibadilishwa kila inapochakaa, ila duarani kwenye joto na jasho wachache wataivumilia zamu nzima.

Maji ni jambo la ndoo na adabu. Jekihama yenye njia ya maji itumike na njia hiyo iwe wazi, isizibwe kwa sababu tope linachafua nguo. Kifusi kimwagiwe maji kabla ya koleo kukigusa, na kuta za karibu zioshwe. Baada ya baruti watu wasishuke mpaka blowa imefanya kazi ya kutosha. Duara lenye mdomo mmoja halipumui, lenye mapito mawili linapumua. Karasha nyingi husaga mawe makavu, na fundi anayefungua pipa lake hutoka mweupe kama aliyeanguka kwenye unga. Zingefungwa vizuri, zikakaa upande ambao upepo unatoka kwa watu na si kuelekea kwao, au zikasaga mawe na maji, nusu ya vita ingekwisha. Wagonga mawe walowanishe mawe yao na wapeane nafasi. Nguo za kazi zibaki machimboni. Mke hapaswi kuzikung'uta uani.

Mtaniuliza maji yapatikane wapi wakati wa kiangazi, ilhali pipa moja linauzwa. Swali la haki. Lakini machimboni kuna maji ya kuchenjulia dhahabu siku zote, kwa sababu bila hayo hakuna dhahabu ya kugawana. Yakitulia kwenye bwawa la marudio ya mwalo wa kuoshea dhahabu kabla zebaki haijaguswa, yanaweza kurudi kulowanisha kifusi. Uhaba unaanza pale tunapodhani maji ni ya mawe tu, ya mapafu ni anasa.

Sasa turudi nyumbani, maana mzigo hushukia huku. Mtu mwenye silika mapafuni anaweza kushikwa na kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko mwenzake, na hatari hiyo haimwachi maisha yake yote. Kibaya zaidi, magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, kuchoka, na picha ya eksirei yenye madoa sehemu za juu za mapafu. Hivyo mgonjwa mmoja huhesabiwa ana TB wakati makohozi hayaonyeshi kimelea, akapewa dozi ya miezi sita, akamaliza, akapewa tena. Mwingine ana yote mawili, na ule wa pili hautambuliwi.

Upande wa fidia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na magonjwa ya kazini yamo ndani yake. Ila Mfuko unamjua mfanyakazi kupitia mwajiri anayemchangia. Kijana anayelipwa mifuko ya mawe hana mkataba, na mwenye duara humwita mshirika siku ya mgao na mgeni siku ya ugonjwa. Afrika Kusini ilifika mwaka 2019 ndipo mahakama ikaidhinisha mapatano ya kampuni sita za dhahabu na wachimbaji wa zamani wenye silikosisi au TB, wakiwemo wa nchi jirani. Walioweza kudai walikuwa na kitu kimoja mkononi: kumbukumbu kwamba walifanya kazi pale. Basi hata daftari lenye majina, tarehe na jina la duara ni akiba.

Mwaka 1700 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Kwenye zahanati za Kasulu na Kibondo swali hilo linahitaji kusogezwa nyuma kidogo: uliwahi kufanya kazi gani, wapi, miaka mingapi? Na wewe unayekohoa usisubiri kuulizwa. Mwambie mganga kwamba ulikaa Nyarugusu miaka sita. Akikuuliza ipi, jua umempata mganga.

Juma lijalo: zebaki, na moshi wa kikaango.