Redio Iliyokuja na Gari Usiing'oe kwa Haraka

Magari mengi tunayoyaendesha hapa pwani yalitengenezewa barabara za Japani. Hushushwa Kilindini yakiwa hayajapita miaka 8, kama sheria ya uagizaji inavyotaka, na ndani ya dashibodi mna redio nzuri yenye kioo kipana, iliyojaa maandishi ambayo nyumbani hapana awezaye kuyasoma. Ukiiwasha hunena Kijapani. Ukitafuta stesheni za Mombasa wapata moja au mbili, kisha mvumo mtupu. Fundi wa kwanza kuulizwa husema, "Hii toeni, tieni nyingine."

Ushauri huo aghalabu humnufaisha fundi kuliko mwenye gari. Mama aliyenunua gari kwa fedha za chama ili awafikishe watoto skuli na chuoni hakuwa na haja ya kioo kipya. Alitaka tu qiraa na darsa zilizomo simuni mwake, au zilizomo katika kile kidude cha kusikilizia alicholetewa na mamake kutoka Umra, zisikike katika spika za gari wawapo njiani. Kwa jambo hilo redio ileile ya kiwandani mara nyingi hutosha, na gharama yake huenda ikawa ni waya mmoja.

Tuanze na ule mvumo. Huko Japani stesheni za FM kwa miaka mingi zilipangwa baina ya 76 na 90, na miaka ya karibuni zikaongezwa hadi 95. Kwetu huanzia 87.5 na kufika 108. Redio haikuharibika, basi. Husita kabla ya kufika ziliko stesheni zetu nyingi. Dawa yake ni kidude kidogo ambacho wauzaji hukiita ekspanda, kinachotiwa baina ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuishusha namba: kama chashusha kwa 20, stesheni ya 103 utaikuta kwenye 83. Redio huvutwa mbele kidogo, kikatiwa, ikarudishwa pahali pake.

Kusikiliza stesheni ni jambo moja, na kusikiliza ulichokichagua mwenyewe ni jingine. Kabla ya kununua chochote, likague gari lako kwa utulivu. Tazama chini ya dashibodi, ndani ya kisanduku cha baina ya viti, na ndani ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Watafuta tundu dogo la duara lenye upana wa milimita 3.5, sawa na lile la visikizi vya simu, nalo huandikwa AUX. Ukilipata, kazi imekwisha nusu. Waya wenye ncha sawa pande zote mbili huunganisha kidude na redio, kisha hubonyezwa kitufe cha redio mpaka AUX itokee kwenye kioo. Wengi hukwama hapa: waya wameuchomeka, lakini redio ingali kwenye FM. Sauti ya kidude ipandishwe karibu na mwisho, halafu kipimo kifanywe kwa kitufe cha redio.

Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la duara. iPhone ililiacha tangu mwaka 2016. Zahitaji kiungo cha kati, na viungo hivyo havifanani japo kwa macho ni vimoja. Kijaribuni kwa simu yenu papo hapo dukani, kabla ya kulipa.

Kama redio ina alama ya Bluetooth, alama hiyo ni ileile katika kila lugha. Ili kuyafahamu maandishi ya Kijapani, ielekezeni kamera ya simu kwenye kioo kupitia programu ya Google Translate. Tafsiri yake si ya ufasaha, ila itawaonyesha pa kubonyeza. Zingatieni kwamba baadhi ya redio za kale hupokea maongezi ya simu tu kwa Bluetooth, wala hazipokei sauti nyingine. Tundu la USB nalo lina hila zake. Mengine ni ya kutia chaji tu. Mengine yalifanyiwa flashi na iPod, hivyo simu ya Android ikichomekwa hupata moto na sauti isitoke. Flashi yenye mafaili ya MP3, iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kusomwa.

Wenye magari makuukuu yenye kaseti wasidharau walicho nacho. Kuna kaseti ya bandia yenye waya, isiyo na utepe unaozunguka. Ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachokabiliana na kichwa cha kusomea cha redio na kukipa sauti kana kwamba ni utepe. Yafanya kazi vizuri ajabu.

Asiye na tundu lolote hubakiwa na kile kidude cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hicho ni stesheni ndogo ndani ya gari lako, na hapa ndipo wengi hudhani wameuziwa kibovu. Aghalabu hurusha baina ya 87.5 na 108, ilhali redio ya Kijapani ya kale husikia mwisho wake 90. Mahali pa kukutana, basi, ni kijia chembamba cha 87.5 hadi 90. Muuzaji akikuwekea 100, hutasikia kitu hata ukae kutwa. Tafuta namba iliyo tupu ndani ya kijia hicho. Safarini kuelekea Malindi namba hiyo yaweza kuingiliwa na stesheni nyingine. Simamisheni gari pembeni, mbadilishe.

Mkisikia mlio mwembamba unaopanda kila mguu ukikanyaga mafuta, msikimbilie kubadili spika. Aghalabu husababishwa na simu kutiwa chaji garini huku imeunganishwa kwa AUX. Chomoeni chaja. Mlio ukikoma, kuna kichujio kidogo kinachotiwa katikati ya waya kuuondoa.

Ama kuhusu simu yenyewe, mimi naipendelea ile zana ndogo isiyo simu. Simu ikishaunganishwa kwa Bluetooth, kila anayepiga huweza kusikika katika spika zote. Binti apiga amueleze mamake jambo la nyumbani kwake, na garini mumejaa wakwe na majirani wanaokwenda harusini! Sitara huvunjika kwa sekunde mbili. Fauka ya hayo, simu humwita dereva aitazame. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, macho yakiacha barabara sekunde 3 tu, gari limekwenda zaidi ya mita 60 pasipo mwangalizi, na watoto wamekaa nyuma. Sheria nayo yakataza, na faini yake ni shilingi 2,000. Sura au darsa ichaguliwe kabla gari halijaondoka, au kidude apewe aliyekaa kando ya dereva. Na ikiwa ni Qur'ani isomwayo huku watoto wanagombania biskuti, ni adabu zaidi kuizima mpaka watulie.

Wanaoamua kuing'oa redio wajue wanachokitoa. Kamera ya kurudi nyuma na vitufe vya kwenye usukani huenda vikakatika nayo. Msikubali waya za kiwandani zikatwe na kufungwa kwa utepe. Itakeni plagi ya kati inayolingana na gari lenu, na fyuzi mahali pake. Waya iliyo uchi nyuma ya dashibodi ni moto unaosubiri.

Kuna jambo lawapata hata wasiogusa redio. Betri ikitolewa, redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga na kudai namba ya siri, na nyingine hugoma kadi ya ramani ikichomolewa. Kwa hivyo mwendapo yadi kutazama gari, chukueni waya wa AUX, flashi na kile kidude. Jaribuni vyote injini ikiunguruma, ulizeni namba ya siri na iandikwe kwenye karatasi ya mauzo, na tazameni kama kadi ya ramani imo ndani, kabla ya kutoa hata shilingi.