Usingizi wa Kompyuta na Dhana Mbaya

Usingizi ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyake. Mafundi nao wameipa kompyuta ya kupakata mfano wa usingizi, ili isile betri bure isipotumiwa. Lakini usingizi huo mara nyingine huharibika, na kuharibika kwake kwaweza kuleta fitina nyumbani. Yalitupata sisi wenyewe.

Usiku mmoja mwanetu aliilaza kompyuta yake baada ya sala ya Isha. Tulipoamka Alfajiri tuliikuta i macho, kioo chang'aa, na betri yakaribia kwisha. Papo hapo tukamtuhumu kuwa amekesha akitazama mambo ya upuuzi. Kijana akakana, wala hatukumsadiki.

Baadaye tulifungua dirisha la amri la Windows, tukaandika powercfg /lastwake, yaani amri ya kuuliza ni nini kilichoiamsha mara ya mwisho. Jibu likatoka: haikuamshwa na mkono wa mtu, bali na saa ya ndani iliyotegwa na programu ya kujisasisha. Tuliona haya kubwa.

Basi dawa yake ni hii. Kwanza, katika mipango ya umeme, ondoa ruhusa ya saa hizo kuiamsha kompyuta. Pili, kipanya na kadi ya mtandao navyo huweza kuiamsha. Vinyime ruhusa hiyo. Tatu, ikiwa yakataa kulala kabisa, andika powercfg /requests, nawe utaona programu inayoizuia.

Tena yafaa kujua kwamba usingizi ni wa namna mbili. Katika usingizi mwepesi kompyuta huendelea kula betri kidogo kidogo ili isisahau kazi iliyomo. Na baadhi ya kompyuta za siku hizi hubaki zimeunganishwa na mtandao, hata zikapata joto mkobani. Katika usingizi mzito kazi yote huandikwa katika diski, kisha umeme hukatwa. Kwa hiyo msafiri na achague usingizi mzito, au aizime kabisa.

Enyi wazazi, dini yetu imekataza israfu, na imekataza dhana mbaya vile vile. Sisi tulimwita mwanetu tukamtaka radhi mbele ya mama yake na ndugu zake, kwani mbele yao ndipo tulipomtuhumu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuchunguza kabla ya kuhukumu. Amin.