Gari la Gongo na Siri ya Springi Zake

Tarehe 19 Juni 1949, kwenye kiwanja cha vumbi cha Charlotte, North Carolina, Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza katika mbio za kwanza kabisa za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, za magari ya kawaida, yaani magari kama yalivyotoka kiwandani. Aliyemfuata, Jim Roper, alikuwa nyuma kwa mizunguko mitatu. Baada ya mbio wakaguzi wakainama chini ya Ford ya 1947 aliyoiendesha, wakatazama springi za nyuma, wakamfuta. Springi zilikuwa zimekazwa kwa namna ambayo kila fundi wa milima ile aliijua: namna ya magari ya kubebea gongo. Ushindi akapewa Roper na Lincoln yake. Mwenye Ford, Hubert Westmoreland, alikwenda mahakamani kudai dola 10,000, na kesi ikatupwa.

Naiita gongo kwa sababu ndiyo hiyohiyo: pombe kali iliyopikwa kwa siri, hasa ya mahindi, bila kulipiwa kodi. Wenyewe kusini mwa Marekani huiita jina la mwanga wa mwezi, kwa kuwa ilipikwa usiku. Serikali yao ilianza kuitoza kodi pombe kali mwaka 1791, ikaifuta, ikairudisha 1862, na kufikia 1951 kodi ilikuwa imefika dola 10.50 kwa galoni. Mkulima wa Wilkes County, North Carolina, au Dawson County, Georgia, mwenye shamba la mteremko alipiga hesabu yake, akawasha moto porini.

Linaloniudhi ni jinsi habari hii inavyosimuliwa. Sinema zimetujaza vichwani magari yanayoruka madaraja na askari wanaotumbukia mitoni, na kila mtu akitaka kueleza kasi ile hukimbilia injini. Injini ilikuwa nzuri, sikatai. Ford alipotoa V8 yake mwaka 1932 aliweka silinda nane ndani ya gari la bei ya mtu wa kawaida, nguvu farasi 65, na kufikia 1940 zilikuwa 85. Hata hivyo ilikuwa na kasoro kubwa: njia za moshi zilipita katikati ya bloku, zikipasha moto maji yaliyotakiwa kuipoza, na mlima mrefu uliichemsha. Mafundi waliongeza kabureta, wakapanua silinda, na baadaye wengine wakaing'oa kabisa na kuweka injini ya Cadillac.

Lakini injini haikuwa siri. Siri ilikuwa nyuma, chini ya buti.

Ford aling'ang'ania muundo wa springi aliouanza na Model T ya mwaka 1908, akabaki nao hadi magari ya 1948. Ni mabamba ya chuma yaliyolaliana, yamelala kwa upana wa gari. Katikati yamefungwa kwenye chesisi, na ncha zake mbili zimeishika ekseli, moja kushoto, moja kulia. Springi moja kwa magurudumu mawili. Ni nafuu, ni rahisi kutengeneza, na kwenye barabara ya makorongo inafaa sana. Tatizo ni mzigo. Galoni 100 za gongo ni kama lita 380, uzito wa kilo 350 hivi kabla hujahesabu chupa na masanduku, na gari lenyewe lilikuwa na kilo 1,300 hivi. Ni sawa na kuwapakia watu wazima watano ndani ya buti. Ukifanya hivyo kwa springi ya kiwandani, nyuma inakaa chini, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, na askari aliyejibanza njia panda hana haja ya kuuliza umebeba nini.

Kwa hiyo fundi aliikaza springi, na hapa kuna elimu ya kupendeza. Ukiongeza bamba moja la unene uleule, unaongeza ugumu wa bamba moja tu. Ukiweka bamba lenye unene maradufu, ugumu wake unakuwa mara nane, maana ugumu wa bamba hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mtu mwenye haraka angechukua hilo nene. Lakini bamba nene likipindwa kiasi kilekile, ngozi yake ya juu na ya chini huvutwa na kubanwa zaidi, nalo huvunjika mapema. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi huongeza mabamba membamba, moja juu ya jingine. Faida nyingine huja bure: mabamba yanaposuguana, msuguano huo hutuliza mtikisiko. Fundi yeyote wa kwetu anayekaza springi za pikapu ya kubebea mkaa anaijua kanuni hii kwa mikono, hata kama hajawahi kuiona ubaoni.

Sasa gari limejaa na limekaa sawasawa, kama la mwalimu anayerudi nyumbani. Kiti cha nyuma kimeng'olewa, chupa zimebanana zisigongane, blanketi limefunika juu. Likishusha mzigo Atlanta, nyuma inanyanyuka kama panzi anayetaka kuruka. Kwa hiyo safari ya kurudi tupu nayo ilikuwa na ushahidi wake, na askari wa kodi walijifunza kutazama mikia ya magari pande zote mbili za barabara.

Dereva hodari alitaka kuonekana wa kawaida. Rangi nyeusi, bodi isiyo na pambo, swichi ya siri ya kuzima taa za nyuma. Kasi ilikuwa akiba ya siku mambo yakiharibika, na mambo yalipoharibika, springi zile ngumu zilifanya kazi ya pili. Gari laini likiingia kona hulala upande mmoja na gurudumu la ndani hupoteza mshiko. Gari lililokazwa nyuma halilali sana. Dereva angeweza kulitelezesha mkia kwa makusudi, na hata kuligeuza kabisa barabarani likaelekea lilikotoka. Huo ndio uliokuja kuwa ustadi wa mbio kwenye viwanja vya udongo. Dunaway hakushinda kwa mizunguko mitatu kwa bahati.

Na watu wa mwanzo walitoka huko. Raymond Parks wa Dawsonville, Georgia, alitoroka kwao akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi ya gongo, akafungwa, akatoka, akawa tajiri wa Atlanta. Magari yake yalitengenezwa na Red Vogt, fundi aliyewatengenezea magari wabebaji wa gongo, na ambaye ndiye aliyependekeza jina NASCAR. Mwaka 1949 gari la Parks, likiendeshwa na Red Byron, lilitwaa ubingwa wa kwanza wa magari ya kawaida. Byron alikuwa na mguu wa kushoto ulioharibiwa vitani, na pedali ya klachi ilitengenezwa mahususi ili aweze kuikanyaga. Kabla yao alikuwapo Lloyd Seay, binamu yake Parks. Tarehe 1 Septemba 1941 alishinda mbio katika kiwanja cha Lakewood, Atlanta. Kesho yake jamaa yake mwingine alimpiga risasi akafa, katika ugomvi wa sukari ya kupikia gongo. Alikuwa na miaka 21. Jiwe la kaburi lake Dawsonville limechongwa gari lake, na picha yake imewekwa dirishani.

Siwezi kuipamba biashara iliyomuua kijana yule. Wapishi wengine walipoza mvuke kwa rejeta kuukuu za magari, zilizoungwa kwa madini ya risasi, na sumu hiyo iliingia kwenye pombe ikaharibu figo na neva za wanywaji maskini. Wanaosimulia habari hizi kama mchezo wa mashujaa wangewakumbuka na hao.

Wangemkumbuka pia Wendell Scott wa Danville, Virginia, mtu mweusi, fundi, dereva wa teksi na mbebaji wa gongo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za mji wake walitaka dereva mweusi wa kuvutia watazamaji, wakaenda kuuliza polisi ni nani anayewasumbua zaidi barabarani. Polisi wakamtaja yeye. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, alishinda mbio za daraja la juu, wa kwanza mweusi kufanya hivyo, lakini bendera na sherehe akapewa dereva mwenzake, Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, wasimamizi walikiri kwamba hesabu ya mizunguko ilikosewa. Scott alifariki 1990. NASCAR iliikabidhi familia yake kombe lake Agosti 2021.

Junior Johnson wa Wilkes County, mbebaji mwingine wa gongo aliyekuwa dereva wa mbio, hakukamatwa barabarani hata siku moja. Walimkamata 1956 kwenye mtambo wa baba yake, akawekwa ndani miezi 11. Kwa jumla alishinda mbio 50, na akasamehewa na Rais Reagan mwaka 1986.



Viwanja vya mbio hizo navyo vimetunzwa vibaya. Lakewood hakipo tena. Occoneechee, karibu na Hillsborough, kilifungwa 1968 na misonobari ikaota mpaka kwenye njia ya magari. Leo watu hutembea kwa miguu msituni humo. North Wilkesboro, kilichojengwa katikati ya nchi ya gongo, kiliachwa baada ya 1996, mabati yakaoza na majani yakapasua lami, hadi serikali ya jimbo ilipotoa fedha na mbio kubwa zikarudi 2023. Kwa miaka 27 mchezo unaoingiza mabilioni ya dola ulikiacha kiwanja hicho kioze. Naona hiyo ni aibu, na naona sababu yake ni ileile iliyomwondoa Dunaway. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, alitaka magari ambayo mtazamaji angeyatambua kama lake mwenyewe aliloliegesha nje, na alitaka mchezo usionuke gongo.

Kanuni ilisema gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na lile halikuwa hivyo. Wakaguzi walikuwa na haki. Ila katika orodha ya matokeo ya siku ile Glenn Dunaway ameandikwa wa 33 kati ya magari 33, kana kwamba alikuwa mzembe kuliko wote. Ninaomba wanaotunza rekodi hizo waongeze mstari mmoja chini ya jina lake: kwamba alivuka wa kwanza, kwa springi za gari la gongo.