Mchezaji akishika paja, kimechanika nini?

Mchezaji anaukimbilia mpira, ghafla anasimama, mkono nyuma ya paja. Mtangazaji: "Mshipa umemkaza!" Masikini neno mshipa, limebebeshwa mengi: njia ya damu, neva, wengine huita hivyo hata ngiri. Kinachouma pale ni msuli, nyama inayojikunja na kulegea ili mfupa usogee.

Nyuma ya paja misuli mikuu ni mitatu. Huumia zaidi katika mbio za kasi, kwa kuwa inavutwa huku yenyewe ikijikaza kuuzuia mguu unaorushwa mbele. Madaktari hulipanga jeraha kwa daraja: la 1 ni nyuzi chache tu zilizoumia, la 2 msuli umechanika sehemu, la 3 umekatika kabisa, na hapo huenda upasuaji ukahitajika.

Kano ni kitu kingine. Hiyo ni kamba inayoushikiza msuli kwenye mfupa, kama ile unayoigusa juu ya kisigino. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Ikikatika ya goti, msimu mara nyingi umekwisha.

Na yule anayegaagaa dakika ya 85 akishika kigimbi? Kwa kawaida hakuna kilichochanika. Msuli umejikaza ukagoma kulegea. Mwenzake akimsukumia vidole vya mguu kuelekea gotini, unaachia.